Bei ya Umeme na Dhamiri Zetu

Iko kazi moja katika nchi yetu ambayo watu wachache waijua kwa jina, ijapokuwa matokeo yake huingia kila usiku katika nyumba zote zenye taa. Ni kazi ya yule aketiye mbele ya vitabu vya hesabu, akachunguza gharama za kuzalisha umeme na kuusafirisha, akasoma sheria na kanuni, kisha akapendekeza kwamba uniti moja iuzwe kwa shilingi kadha wa kadha. Twamwita mchambuzi wa bei za umeme. Hapandi nguzoni, hashiki koleo wala waya, na mtu akikatiwa umeme hamlaumu yeye. Hata hivyo kalamu yake yaweza kumfanya mama azime taa mapema, au mtoto aendelee kusoma. Basi yatupasa kuuliza: mtu huyu ana wajibu gani, na kwa nani? Tena bei iliyo ya haki ni ipi: ile irudishayo gharama yote, au ile awezayo kuilipa maskini?

Swali hili lisijibiwe hewani. Tuchukue mahali panapojulikana. Atokaye Arusha mjini kwa barabara ya Namanga huuzunguka mlima Meru kwa upande wa magharibi, akaacha nyuma migomba na mibuni, akaingia katika nchi kavu ya Oldonyo Sambu, yenye upepo na vumbi. Huko nako waya umefika. Kinyozi hunyoa kwa umeme, mashine husaga mahindi kwa umeme, na simu za wafugaji huchajiwa dukani kwa umeme. Hata maji yamefungamana nao. Maji ya sehemu nyingi za pande za Meru yana floraidi kupita kiasi, inayotia meno rangi ya kahawia na kuharibu mifupa. Kwa hiyo maji mema hutafutwa mbali, na mara nyingi husukumwa kwa pampu. Pampu hula umeme. Ndiyo kusema, bei ya umeme imo hata katika ndoo ya maji ya yule asiye na taa nyumbani mwake.

Mkazi wa Oldonyo Sambu aliye mteja wa TANESCO, anunuapo LUKU kwa simu yake, huuziwa uniti kwa bei ileile ya mtu wa Kariakoo wa daraja lake. Watu wengi huona jambo hili kuwa la kawaida, wala hawalifikiri. Lakini silo la kawaida hata kidogo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko mamia ya kilomita kusini ya Meru, na gesi ya kuzalishia umeme hutoka pwani ya kusini. Umeme ukisafiri hupungua, maana waya hupata joto na kula sehemu ya mzigo unaoupitisha. Tena kijijini nyumba ziko mbalimbali: nguzo nyingi, wateja wachache. Kama bei ingeufuata umbali, mtu wa Oldonyo Sambu angelipa zaidi ya mtu wa mjini, na mwenye kiwanda karibu na mtambo angelipa kidogo kuliko wote. Halikadhalika ada ya kuunganishiwa: mwaka 2022 iliamriwa kwamba mwanakijiji alipe shilingi 27,000, na mtu wa mjini asiyehitaji nguzo alipe 320,960. Mambo haya hayakuota yenyewe kama majani. Watu waliyapima, wakayaandika, wakayapitisha. Ni uamuzi wa kiadili uliovaa nguo za hesabu.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1931 makampuni mawili ya kuuza umeme yaliundwa Tanganyika, nayo yaliwahudumia hasa watu wa mijini na wenye mashamba makubwa, kwani ndiko fedha ilikokuwa. Serikali ilianza kuyanunua mwaka 1964. Kwa miaka mingi baadaye mtengenezaji, msafirishaji na muuzaji wa umeme alikuwa mmoja, na mwenye mali na mpanga bei walikaa nyumba moja. Sheria ya mwaka 2001 ikaweka mtu wa tatu katikati, nayo ndiyo EWURA, iliyoanza kazi mwaka 2006. Tangu hapo shirika litakalo kupandisha bei huleta maombi yake yakiwa na hesabu. Hufanyika taftishi mbele ya watu. Baraza la watumiaji husema neno lake. Ndipo amri ya bei hutolewa. Katikati ya safari hiyo ndipo aketipo mchambuzi. Mbele yake yuko muuzaji asemaye, “Gharama zimenielemea.” Nyuma yake yuko mnunuzi asemaye, “Mfuko wangu ni mtupu.” Wote wawili huenda wakawa wanasema kweli.

Tuutazame upande wa muuzaji kwanza. Umeme si upepo uvumao bure. Mitambo hununuliwa kwa mikopo, na mikopo ina riba. Gesi na mafuta yana bei. Transfoma huungua, nguzo huoza, mafundi hula. Mchambuzi huyajumlisha haya yote, akatazama ni uniti ngapi zitakazouzwa, akaona kila uniti yapaswa kubeba kiasi gani. Anayesema kwamba bei ya haki ni gharama hasemi neno la ukatili. Asema tu kwamba mtu asiagize kitu kisha amwachie mwingine alipe.

Upande wa pili nao una kweli yake. Taa ya kusomea, maji ya kunywa, chanjo zilizohifadhiwa katika jokofu la zahanati: haya si anasa. Amri ya bei ya mwaka 2016 iliwawekea watumiaji wadogo wa majumbani shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti ipitayo hapo. Wateja wa kawaida wakawekewa shilingi 292. Juu yake iliongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3, na tozo ya EWURA asilimia 1. Aliyepanga ngazi hizo alitaka mwenye kingi amsaidie mwenye kidogo. Nani athubutuye kusema kwamba alikosea nia?

Mtakatifu Toma wa Akwino aliwahi kulifikiri jambo lililo karibu sana na hili, ijapokuwa umeme haukujulikana katika siku zake. Alifundisha kwamba muuzaji aweza kudai fidia kwa hasara apatayo yeye mwenyewe kwa kuachana na kitu chake. Lakini asipandishe bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida nacho sana, maana shida ile si mali ya muuzaji, naye hawezi kuuza kisicho chake. Kipimo hiki chatufaa. Mteja wa umeme hana duka la pili la kwenda. Mwenye kiu hana nguvu ya kupatana bei. Kwa hiyo gharama ya kweli ya muuzaji yapaswa kuheshimiwa, na shida ya mnunuzi isigeuzwe kuwa shamba la kuvuna. Lakini neno lote laning'inia hapa: gharama ya kweli. Nani atatuambia gharama ya kweli ni ipi?

Hapo ndipo twaona wajibu wa kwanza wa mchambuzi, nao ni ukweli. Tuna mfano ulioandikwa katika historia yetu. Mwaka 1995 TANESCO iliandikiana mkataba wa miaka ishirini na kampuni ya IPTL, wa kununua umeme wa megawati 100 wa mitambo ya dizeli ya Tegeta. Kwa mkataba ule nchi ilipaswa kulipia uwezo wa mitambo hata siku isipouchukua umeme wake. Wataalamu wa upande wetu waliitazama mitambo iliyoletwa, wakaona kwamba ni ya mwendo wa kati, wala si ile ya mwendo wa polepole iliyokusudiwa, na kwamba iliyoletwa ni ya bei nafuu zaidi. Shauri likafika mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2001 gharama ya mtaji iliyodaiwa ikapunguzwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Jambo kubwa namna hii lilianzia kwa watu waliokubali kazi ya kuchosha: kusoma kiambatisho cha mkataba, kulinganisha namba ya mtambo na maneno ya karatasi, na kusema, “Hiki sicho tulichokubaliana.” Mkataba huo uliitia nchi taabu nyingine nyingi baadaye. Lakini punguzo lile lilitokana na macho yaliyokataa kufumbwa.

Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba kutetea gharama ni kumtetea tajiri. Mchambuzi mwaminifu huuliza kila shilingi ilitoka wapi. Uzembe si gharama ya kweli. Rushwa si gharama ya kweli. Mtambo ulionunuliwa kwa bei ya kubuni si gharama ya kweli. Akivipitisha vitu hivi katika hesabu na kuwatwika wananchi, amekuwa mshiriki wa wizi ingawa hakugusa senti. Ni sawa na mtu mwenye pishi mbili nyumbani, moja ya kununulia na moja ya kuuzia.

Lakini ukweli hukata pande zote mbili, kama upanga. Mwishoni mwa mwaka 2016 TANESCO iliomba bei ipande kwa zaidi ya asilimia 18. EWURA baada ya kuchunguza ikaruhusu kama asilimia 8 na nusu, ianze tarehe 1 Januari 2017. Kabla haijaanza, waziri aliizuia, na siku hiyohiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa kazini mkurugenzi mtendaji wa shirika. Watu wengi walishangilia, wala hatuwashangai: mwananchi aliyeokolewa na ongezeko la bei hushukuru. Serikali ilifikiri juu ya maskini na viwanda, na kuchagua kati ya mizigo ni kazi ya watawala. Swali letu ni jingine. Ongezeko lile lilipozuiwa, je, gharama ilikufa? Kama hesabu ilikuwa ya uongo, yafaa waliochunguza waonyeshwe mahali walipokosea, ili watu wote wajifunze. Na kama hesabu ilikuwa ya kweli, gharama haikufa, ilihama tu. Gharama iliyofukuzwa katika bei hurudi kwa mlango wa nyuma. Hurudi kama deni la shirika, au kama transfoma isiyobadilishwa kwa wakati, au kama ruzuku itokayo katika kodi. Na kodi hulipwa na kila anunuaye sabuni, akiwamo yule bibi kizee wa kitongojini ambaye waya haujamfikia, akaaye na koroboi. Huyu akisaidia kulipa umeme wa nyumba yenye jokofu mbili, hiyo twaiitaje? Wahenga walisema rahisi ni ghali. Twaongeza: mara nyingi ghali yenyewe humwangukia ambaye hakukula ile rahisi.

Hatusemi kwamba ruzuku ni dhambi. La. Kumsaidia dhaifu ni wajibu wa jamaa yote, na taifa ni jamaa kubwa. Twasema kwamba msaada uwe na jina, na mlipaji wake ajulikane. Mtawala akisema waziwazi, “Gharama ni hii, sisi tumeamua kushusha bei, na pengo litazibwa na fungu fulani,” ametenda kwa haki, nasi twaweza kumpinga au kumkubali tukiwa na macho. Lakini kuamuru gharama iwe ndogo kwa sababu inaudhi ni kuvunja kioo kwa kuwa uso una kovu. Na mchambuzi aonaye kwamba wenzake wamepata taabu kwa namba iliyochukiza hujifunza upesi kuandika namba zipendezazo. Siku hiyo nchi imepata hasara kubwa kuliko asilimia 8. Imepoteza mizani yake.

Sasa tuje kwenye wajibu wa pili, uliosahauliwa zaidi. Mtu aweza kuwa mkweli wa hesabu na bado awe kipofu wa watu. Turudi kwenye zile uniti 75. Tuchukue nyumba ya kupanga katika vitongoji vya Arusha, yenye jamaa tatu na mita moja. Kila jamaa yatumia uniti 50 kwa mwezi: taa, redio, pasi ya sare za watoto. Kama kila moja ingekuwa na mita yake katika daraja la watumiaji wadogo, kila moja ingelipa shilingi 5,000, na zote tatu 15,000, kodi na tozo mbali. Lakini mita ni moja, nayo yasoma uniti 150. Yawekwa katika daraja la kawaida, shilingi 292 kwa uniti, jumla 43,800. Jamaa tatu maskini zimelipa karibu mara tatu ya walivyokusudiwa kulipa. Na wakati huohuo mtu mwenye uwezo, aliye na nyumba ya pili anayofikia mwisho wa juma tu, hulipia huko shilingi 100 kwa uniti, kwa kuwa mita yake yasoma kidogo. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja sheria. Mita huona uniti, haioni watu. Kuona watu ni kazi ya mwenye kalamu.

Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo imekusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Iliagizwa kwamba wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Maneno mazuri, lakini mpangaji gani wa chumba kimoja atamdai mwenye nyumba shilingi 1,500 kila mwezi na bado akae kwa amani? Njia iliyo nyepesi kwa mkusanyaji imekuwa nzito kwa asiye na sauti. Wenye nyumba wasomao ukurasa huu hawahitaji kungoja amri: na wamrudishie mpangaji haki yake katika kodi ya chumba.

Liko na jambo jipya litakaloijaribu akili yetu sisi wa kaskazini. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 400 imejengwa kutoka Isinya, nchini Kenya, kupitia Namanga hadi Arusha na Singida. Mwaka 2025 Serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme utokao kusini hupotea mwingi njiani. Zikasikika sauti za uchungu: tumejenga bwawa kubwa namna ile, kisha tununue kwa jirani? Twauelewa uchungu huo, kwani bwawa ni fahari ya taifa. Lakini fahari haiondoi joto la waya. Kwa upande mwingine, akiba iliyoandikwa katika karatasi haitoshi kumaliza neno: mnunuzi hana budi kuuliza atafanya nini siku muuzaji atakapopatwa na ukame, au atakapogombana na wa katikati. Hapa mchambuzi asiwe shabiki wa upande wowote. Aweke mezani hasara ya njia ndefu na hatari ya kumtegemea mwingine, kila moja kwa kipimo chake, kisha awaache wenye mamlaka waamue mchana, watu wakiona.

Ataulizwa: je, mtu mdogo wa ofisini aweza kubeba yote haya? Yeye ni mwajiriwa. Ana mkubwa wake, ana watoto wa kulisha. Kweli. Lakini hata karani wa mizani ya kahawa alikuwa mtu mdogo, na kila mkulima wa Meru alijua tofauti kati ya karani mwema na karani mbaya. Wajibu haupimwi kwa ukubwa wa kiti. Hapaswi kuwa shujaa kila siku. Yampasa tu kukataa mambo mawili: asiandike namba asiyoiamini, na asifiche jina la mtu atakayelipa. Akishindwa katika mengine atasamehewa upesi. Akishindwa katika haya mawili, hakuna atakayejua alishindwa, na hiyo ndiyo hatari yake.

Nasi wengine je? Ni rahisi kudai haki kwa midomo na kuivunja kwa mikono. Achezeaye mita, au avutaye waya gizani kuipita, haibi mali ya shirika tu. Umeme ule huhesabiwa kuwa umepotea njiani, na gharama yake hugawanywa kwa wote, hata kwa kinyozi wa Oldonyo Sambu anunuaye LUKU ya shilingi elfu moja kwa jasho lake. Tena taftishi ya bei inapotangazwa, viti vingi hubaki vitupu, au hukaliwa na wenye viwanda na mawakili wao. Sheria imetufungulia mlango. Tusilalamike kwamba hatukusikilizwa ikiwa hatukuingia. Ninyi wazazi, watoto wenu wapendao hesabu msiwaambie kwamba hesabu ni njia ya kupata mshahara tu. Waambieni kwamba siku moja wataweza kuketi mahali ambapo kosa dogo la kalamu hulifanya giza kuwa jirani wa mtu wasiyemjua.

Basi jibu letu ni hili. Bei ya haki si gharama peke yake, wala si huruma peke yake. Ni gharama ya kweli, iliyosafishwa uzembe na wizi, ikagawanywa kwa huruma iliyo wazi, na kila abebaye sehemu ya mwenziwe ajue kwamba abeba. Bei ile moja ya uniti, Kariakoo na Oldonyo Sambu, ni mfano mwema wa huruma ya namna hiyo: watu wa karibu wawabeba watu wa mbali. Kilichobaki ni kwamba waambiwe kuwa wanabeba, ili lile wanalolitenda sasa bila kujua walitende kwa hiari, kama ndugu.